Igizo Lianzie Chini ya Mti: Jibu kwa Mwalimu wa Darasa la Pili

Mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi iliyopo wilayani Ilemela, Mwanza, ameandika hivi: "Nina wanafunzi themanini na wawili. Kila muhula nawapeleka ufukweni kujifunza mazingira, wakirudi wanachora samaki na nyumba, basi. Wakati huohuo mkuu wa shule anataka igizo la mazingira kwa ajili ya siku ya wazazi, nami huandika maneno na watoto huyakariri. Naona mambo haya mawili yangeweza kuwa jambo moja, ila sijui igizo lije kabla ya ziara au baada yake, na sijui nitawalindaje watoto wengi hivi karibu na maji wakati shule haina fedha ya kukodi hata gari. Naomba mwongozo."

Mwalimu mwenzangu, pokea salamu, na pokea pongezi kwa kuliona jambo ambalo wengi wetu tunalipita kila muhula, kwamba ziara na igizo vimetengana kwa sababu tu ratiba imevitenganisha. Kwa swali lako la kwanza, jibu langu ni kwamba igizo lisingoje zamu yake kabla wala baada ya ziara. Sehemu yake ndogo ianze darasani siku moja kabla, sehemu kubwa itengenezwe palepale mnapotazama, na likishakamilika lirudishwe mahali lilipozaliwa ili watoto walikague wenyewe. Ziara hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa na karibu kila shule, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote.

Nianze na ile michoro ya samaki na nyumba. Watoto wako hawakuchora hivyo kwa uvivu. Mtoto wa miaka saba au minane akifikishwa ufukweni na kuambiwa aangalie mazingira, macho yake yanazurura kwenye kila kitu bila kutua, na akirudi darasani mkono wake unachora kile ulichozoea kuchora tangu darasa la awali. Anachokosa ni sababu ya kutazama, yaani kazi ambayo haiwezi kukamilika asipotazama kwa makini. Hapo ndipo sanaa za maonyesho zinapoingia, na zinaingia mapema, kabla watoto hawajavuka geti la shule. Dorothy Heathcote, mwalimu wa Uingereza aliyesomesha walimu wengi wa maigizo, alijulikana kwa mbinu ambayo mwalimu mwenyewe huingia katika uhusika wakati wa somo na kuwapa watoto wajibu wa watu wanaoijua kazi yao. Mbinu hiyo haidai jukwaa wala pazia. Khanga moja inatosha.

Jifunge khanga kichwani mbele ya darasa, ukiwa umewaambia waziwazi kwamba ukiivaa wewe ni Bibi, na ukiivua umerudi kuwa mwalimu. Usiuruke uwazi huo, kwa maana watoto wadogo wasipooneshwa mpaka kati ya mchezo na kweli, baadhi yao huogopa na wengine hudhani wanadanganywa. Bibi huyu haoni tena. Alizaliwa kando ya ziwa, anaukumbuka mti mmoja karibu na shule uliokuwa umejaa viota, na anataka kujua kama viota bado vipo, vina rangi gani, nani anavijenga na anavijengaje. Watoto ndio macho yake. Mtoto akimwambia kuna ndege, Bibi atauliza ndege huyo analingana na ngumi au na kuku. Akiambiwa ndege anaruka, ataomba ashikwe mikono yake na kuoneshwa mabawa yanavyokwenda. Maswali haya yaulizwe siku moja kabla ya kutoka, ili watoto walale nayo, na yasizidi matatu au manne. Mtoto wa darasa la pili akipewa maswali kumi atabeba karatasi tu.

Nimetaja viota kwa makusudi, kwa sababu sidhani kama uanze na ufuko. Anza na mti. Kando ya ziwa letu, hasa mvua za vuli zinapoanza kati ya Oktoba na Desemba, na tena wakati wa masika, utawaona kwera, wale ndege wa manjano wenye kichwa cheusi, wakifuma viota kwa makumi kwenye mti mmoja, mara nyingi karibu kabisa na makazi ya watu. Dume ndiye anayefuma. Huchana ukanda mrefu wa jani la mnazi au la nyasi, huruka nao, huufunga kwenye kitawi kwa mdomo akiukanyaga kwa mguu, hutengeneza kwanza pete iliyosimama wima ambayo yeye mwenyewe husimama ndani yake, kisha hufuma chumba upande mmoja na mlango upande mwingine ukitazama chini. Kiota kikikamilika, huning'inia mlangoni kichwa chini, akipigapiga mabawa na kupiga kelele ili jike aje. Jike huja, huingia, huvutavuta nyasi za ndani, kisha huamua kukaa au kuondoka. Kiota kisichopata jike hukauka, rangi yake ya kijani hugeuka kahawia, majike hukipita bila kukijali, na dume hukifumua mwenyewe na kuanza kingine.

Hapo, Mwalimu, tayari unalo igizo. Yupo anayetaka jambo, ipo kazi, yupo hakimu, kuna kukataliwa na kuna kuanza upya, nawe hujaandika hata neno moja. Mwambie kila mtoto atafute kiota kimoja cha kijani na kimoja cha kahawia, na aeleze tofauti anayoiona. Wengi watasema cha kahawia ni cha zamani. Waulize kwa nini basi ndege yule anakivunja badala ya kukitumia, kisha nyamaza. Ukimya wako hapo una thamani kuliko maelezo yako, kwa kuwa ukijibu, kazi ya macho imekwisha.

Baada ya kutazama kwa muda ambao utulivu wao unaruhusu (na kwa umri huu dakika kumi za ukimya ni nyingi), waambie waoneshe kwa mwili, palepale chini ya mti, jambo moja tu waliloliona. Wote waoneshe kwa pamoja. Usichague mhusika mkuu, na tafadhali usimpe mtoto mwenye haya nafasi ya kuwa mti, kama tunavyofanya mara nyingi bila kufikiri. Watoto wote ni kwera, wote wananing'inia, wote wanapiga mabawa. Baadaye wote ni majike, wote wanavuta nyasi na kuamua. Mwili utangulie, maneno yafuate. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto akitafuta jinsi ya kuning'inia kwa mwili wake hulazimika kurudisha macho juu kuona miguu ya ndege imeshika wapi, na kule kurudisha macho ndiko kujifunza kwenyewe. Ya pili ni kwamba darasani mwako wapo watoto ambao nyumbani huzungumza Kisukuma, Kijita au Kikerewe zaidi ya Kiswahili, na ambao katika igizo la kukariri hubaki nyuma. Katika igizo la mwili wanasimama sawa na wenzao, na wakati mwingine ndio wanaoongoza, kwa sababu wamechunga mifugo na wamewaona ndege wengi kuliko sisi.

Kisha iwepo sheria moja ambayo nakusihi uishike kwa ukali wote: kila kitendo katika igizo kiweze kujibu swali "Umekiona wapi?" Mtoto akimfanya kwera atembee kwa madaha kama bata, mwulize kwa upole umeona wapi. Akijibu kwamba alimwona chini ya ule mti akiokota, mwache. Akikosa jibu, kitendo kiwekwe pembeni, nacho kiandikwe ubaoni kama jambo la kwenda kutazama tena. Sheria hii ndiyo inayozuia igizo lisigeuke kuwa hadithi ya sungura na fisi. Hadithi hizo nazipenda, na zina saa yake katika somo la Kiswahili, ila sungura wa hadithi anatufundisha juu ya watu, ilhali hapa tunataka mtoto amjue ndege kama alivyo. Wanyama wa igizo hili wanaweza kusema. Waseme tu yale ambayo matendo yao yanayathibitisha.

Mkirudi darasani, wagawe watoto katika makundi na uwaache watengeneze vipande vifupi. Tarajia kwamba kundi mojawapo litamfanya mama kuwa mjenzi wa kiota, au litampa baba jembe na kumtuma shambani, kwa sababu watoto huleta ndani ya igizo kile wanachokijua nyumbani. Usisahihishe. Acha kundi hilo lioneshe kazi yake, acha kundi jingine lipinge, andika ubaoni kwamba darasa halijakubaliana ni nani anayejenga, kisha siku inayofuata rudini mtini. Watoto walioandika ubishi wao ubaoni hutazama kwa namna tofauti kabisa na walivyotazama siku ya kwanza. Wanajua wanatafuta nini, wanahesabu, wanamfuata ndege mmoja kwa macho mpaka aingie. Igizo linapobadilika baada ya ziara hii ya pili, mtoto amepata jambo ambalo kitabu kinampa kwa shida sana: ameona kwamba wazo lake linaweza kusahihishwa na kitu alichokitazama, bila aibu na bila mwalimu kuingilia.

Maneno yaje mwisho, na yatoke kwao. Andika sentensi zao kama walivyozisema, kisha ukitaka ngonjera, ambayo najua wakuu wa shule na wazazi huipenda, panga sentensi hizo kwa vina. Kwa mfano huu wa kwera, dume na jike wanaweza kujibizana hivi:

Tazama hiki kiota, bado hakijakauka,
Majani nimeyavuta, mapya yasiyochanika.

Nimekikagua ndani, mafundo yamelegea,
Kifumue toka chini, kipya nitakingojea.

Kila neno humo ni jambo ambalo mtoto ameliona juu ya mti. Lilinganishe na ngonjera tulizozizoea, zenye kusema mazingira ni uhai na tuyatunze tutunzike. Sina ugomvi na ujumbe huo. Shida ni kwamba mtoto anaweza kuutamka mwaka mzima asijue jina la mti mmoja uwanjani kwake, na sisi watu wazima tukapiga makofi tukidhani amejifunza.

Katika jambo hili mkoa wako una urithi ambao hupaswi kuuona kuwa mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba, kwa utaratibu wa kuchunguza kwanza hali ya kijiji pamoja na wenyeji na ndipo kuunda maigizo na ngoma kutokana na yale waliyoyabaini. Utaratibu ninaokushauri una mfuatano uleule, isipokuwa wachunguzi wetu wana miaka minane na wanachokichunguza ni ndege. Nyuma zaidi, vyama vya ngoma vya Wasukuma vilizaliwa kutokana na kuwajua wanyama: Bayeye, wanaocheza na nyoka, walikuwa wajuzi wa nyoka na wa dawa za kuumwa kwao, na Banungule waliwinda nungunungu, wanyama waliokuwa wakiharibu mashamba. Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement kutoka Kanada, yametunza kumbukumbu za vyama hivyo. Kama ipo siku utapata fedha ya safari moja tu kwa mwaka, ningeitumia kuwapeleka watoto Bujora wakawaone wachezaji, wakiwa tayari wameshatengeneza igizo lao la kwera. Watamtazama mchezaji kwa jicho la mtu wa kazi ileile.

Shule yako ikiwa karibu na majabali, na ni shule chache za Ilemela zisizo na jabali jirani, unaye mhusika mwingine asiye na gharama. Ni yule mjusi wa mawe ambaye dume wake ana kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea na mwili wa bluu, huku majike na madume machanga wakiwa wa kahawia. Jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wenu. Asubuhi hupanda juu ya jiwe kuota jua. Dume hutikisa kichwa juu na chini na kujiinua kwa miguu ya mbele, akimwonya dume mwenzake au akimwita jike. Watoto wa umri huu huipenda sana miondoko hiyo, na hatari iko hapohapo, kwamba wataigiza kichwa kwa dakika nzima wakicheka. Waulize anatikisa mara ngapi kabla hajatulia, na nani alikuwa karibu alipoanza. Swali la pili ndilo linalozaa igizo, kwa sababu linawaongoza kuona kwamba mjusi hatikisi kichwa ovyo, yupo anayetazamwa. Mjusi asikamatwe na mtu yeyote wala asirushiwe jiwe, na watoto wabaki chini, wasipande majabali.

Sasa tuje kwenye maji, ambayo umeyataja kwa hofu iliyo halali. Sikushauri uwaingize watoto majini hata kwa kifundo cha mguu. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyegusa maji, na kando ya Ziwa Viktoria ugonjwa huu ni wa kawaida mno kwa watoto wa shule. Mamba nao wapo. Chagua mahali pa wazi, mbali na matete na mafunjo, laza kamba mchangani ukiwa umeacha hatua ishirini au zaidi hadi maji yanapoishia, na uwe na mtu mzima anayesimama upande wa maji muda wote akiwatazama watoto tu. Na hapa nasisitiza jambo ambalo wapenzi wa maigizo hulikosea: sheria za usalama zisitolewe na Bibi. Vua khanga, kuwa mwalimu, sema kwa sauti yako ya kila siku kwamba kamba haivukwi. Sheria ikiwekwa ndani ya mchezo, mtoto ataifanya nayo kuwa mchezo.

Gugu maji ni somo zuri kwa ufuko, mradi mtu mzima alitoe majini kwa fimbo au reki, alisuuze kwa maji ya bomba na kuliacha likauke juani kabla watoto hawajaligusa, kwani mizizi yake huficha konokono. Likipasuliwa shina lile lililovimba, watoto wataona ndani mmejaa vijumba vya hewa, na wataelewa mmea huo unaeleaje. Kwenye majani wanaweza kuona makovu madogo mengi. Hizo ni alama za wadudu wa jamii ya fukusi walioletwa katika miaka ya 1990 ili kulipunguza gugu hili baada ya kulifunika eneo kubwa la ziwa. Igizo lake ni jepesi: watoto wanashikana mikono na kuenea polepole mpaka mwenzao aliye "mtumbwi" hana pa kupita, kisha wachache wanaoigiza wadudu wanaingia kati, na kila aliyeguswa anazama. Ninapenda zoezi hili kwa sababu mtoto aliye mtumbwi husikia mwilini mwake shida ya mvuvi pasipo kuelezwa.

Nenda pia mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, asubuhi, kwa makubaliano na viongozi wa mwalo, watoto wakaone dagaa wakianikwa kwenye vichanja na akina mama wakiwageuza. Uvuvi wenyewe hawataweza kuuona kwa kuwa hufanyika usiku, kwa hiyo mwombe mvuvi mmoja mzee awaeleze jinsi taa zinavyowavuta dagaa kuja juu na kwa nini wavuvi wengi hupumzika mbalamwezi inapowaka. Hapa sheria yetu inapanuka: pamoja na "Umekiona wapi?" sasa tunauliza "Umekisikia kwa nani?", na jina la mzee huyo litajwe ndani ya igizo. Darasani, funga madirisha, washa tochi moja katikati, watoto wote ni dagaa wanaosogea kwenye mwanga. Kisha fungua dirisha moja, mwezi umechomoza, na dagaa wanatawanyika. Huenda likawa igizo la dakika mbili. Limebeba sababu nzima ya kalenda ya wavuvi.

Kuna mada moja ambayo ningekusihi uiache kwa darasa la pili, nayo ni sangara na furu. Najua ni kisa kikubwa cha ziwa hili, jinsi sangara aliyepandikizwa kuanzia miaka ya 1950 alivyochangia kutoweka kwa aina nyingi za furu. Lakini hakuna mtoto anayeweza kukitazama kikitokea chini ya maji, na igizo lake litakuwa la kukariri tena. Lingoje darasa la tano au la sita, wanapoweza kubeba ushahidi wa maandishi.

Vivyo hivyo kuhusu kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndiyo ndogo kuliko zote nchini, imepewa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyeishi hapo kabla kisiwa hakijachukuliwa na serikali, na ndani yake kuna swala pala, tumbili, pimbi na mijusi yetu ya mawe. Ni mahali pazuri. Hata hivyo wazazi wa Mwanza hawajasahau kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 wala kwa MV Nyerere mwaka 2018, na ukiwaambia unapakia watoto themanini na wawili wa miaka minane kwenye boti, hata kwa safari fupi, utapoteza imani yao kabla ya kuanza. Subiri darasa la nne, peleka kundi dogo, kila mtoto awe amevaa jaketi okozi la kipimo chake tangu anapopanda hadi anaposhuka, na ziara iwe ya kukagua igizo mlilokwisha kulianza kwenye majabali ya shuleni.

Kuhusu wingi wa watoto, usitoke nao wote siku moja. Wagawe makundi manne. Kundi moja litoke nawe pamoja na wazazi waliojitolea, mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi kumi, na makundi mengine yabaki na mwalimu mwenzako, naye umsaidie siku yake ikifika. Kwa kuwa mti uko jirani na shule, ziara nzima inaisha kabla ya saa nne, jua halijawa kali, na gharama yake ni barua za ruhusa kwa wazazi. Mgawanyo huu una faida ambayo haikukusudiwa: kila kundi linarudi na habari ambazo wengine hawajaziona, na igizo linakuwa njia halisi ya kupasha habari, kwa maana watazamaji kweli hawajui. Ukiandaa azimio la kazi, ziingize saa hizi moja kwa moja kwenye vipindi vya mazingira na vya sanaa na michezo, ambavyo mtaala uliorekebishwa mwaka 2023 umevipa nafasi katika shule ya msingi, ili mkaguzi akija asikute kazi hii imeandikwa kama burudani ya Ijumaa. Kwa maleba, yaani mavazi ya igizo, mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani na maboksi ya dukani yanatosha. Na kiota halisi kisikatwe mtini hata kama kinaonekana kimetelekezwa.

Imebaki siku ya wazazi. Mwombe mkuu wa shule akuruhusu kuwatoa wageni ukumbini na kuwasimamisha karibu na mti wenyewe. Igizo lisizidi dakika kumi na mbili, lianze na watoto wote kwa mwili bila maneno, lije kwenye ngonjera ile ya kujibizana, na lisimame pale jike anapokataa kiota. Hapo watoto wawageukie wazazi na kuwauliza yale ambayo bado yako ubaoni bila jibu: kama wamewahi kumwona jike akijenga, kama zamani mti huu ulikuwa na viota vingi kuliko sasa, kama kwera huwala mtama wao. Katika hadhira hiyo watakuwepo wavuvi, wakulima na mabibi waliokaa kando ya ziwa hili miaka sitini, na baadhi yao watajibu kwa urefu. Weka mtoto mmoja au wawili wenye daftari karibu nao waandike, na majibu hayo yawe kazi ya darasa ya Jumatatu.